Nimepungua kilo 12 lakini mwili haujakaza: niongeze tizi au nipunguze tena chakula?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 24, naishi Dar es Salaam, na sendofu yangu ni Desemba. Tangu Aprili niko kwenye mazoezi ili mwili ukaze. Nilikuwa na kilo 63, sasa nina 51, urefu wangu ni sentimita 160. Naamka saa kumi na moja alfajiri nakimbia kilomita 8, siku sita kwa wiki, na jioni naingia jimu saa moja na nusu. Asubuhi ni maji ya limau tu, mchana samaki wa kuchemsha na mboga za majani, jioni mayai mawili na tikiti. Wanga nimeacha kabisa. Sasa mizani imegoma mwezi mzima, mikono bado imelegea, tumbo linajaa kila jioni na nyama uzembe ya kiunoni haitoki. Nisipokimbia siku moja najisikia nina hatia. Niongeze mazoezi au nipunguze tena chakula? Halafu hedhi sijaiona miezi mitatu (nimepima, si mimba), nywele zinakatika, nashtuka saa tisa usiku nashindwa kulala, na mguu wa kulia unauma kwenye ugoko nikikimbia. Sijui kama vinahusiana.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Hedhi na ugoko umeviweka mwishoni kabisa, kama mambo ya pembeni, lakini ndivyo vilivyonifanya nikujibu leo hii bila kusubiri zamu yako. Vinahusiana, tena sana. Kesho alfajiri usikimbie. Wala keshokutwa. Zima kengele ya simu ulale, kisha tuzungumze.

Tuanze na mguu. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu unaouma juu ya stuli, kisha pitisha ncha ya kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa mfupa wa ugoko, kuanzia chini ya goti hadi juu ya kifundo. Maumivu yakiwa yametapakaa, urefu wa kiganja au zaidi, na yakapungua ukipumzika, huenda misuli na utando unaofunika mfupa vimechoka tu. Lakini ukikuta sehemu moja ndogo, kama ukubwa wa sarafu, ambayo ukiibonyeza unaruka, na ukiachia inaendelea kupwita, hasa kama siku hizi unauma hata umelala kitandani, hapo nahofia mfupa umeanza kupata ufa mwembamba. Usijaribu kurukaruka kwa mguu mmoja ili kuhakikisha. Nenda hospitali ukapigwe picha, na ujue jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi: katika wiki mbili tatu za mwanzo eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni ufa wa namna hii. Ukiambiwa picha ni safi, usirudi barabarani siku hiyohiyo. Muulize daktari kama picha irudiwe baadaye au ufanyiwe MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku.

Sasa mfupa wa msichana wa miaka 24 unapasukaje kwa kukimbia kilomita 8? Nimepiga hesabu ya siku yako. Samaki, mboga, mayai mawili, tikiti, niongeze na mafuta ya kupikia ambayo hukuyataja: hata nikikadiria kwa juu, ni kama kalori 900. Kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita 8 zinakula kama 400. Jimu ya saa moja na nusu niiwekee 200 kwa uchache. Zinabaki 300. Hizo 300 ndizo moyo, ubongo, ini, figo, ngozi, nywele, mifupa na viungo vya uzazi vinagawana kwa saa 24 nzima.

Ukitoa mafuta, mwili wako una kama kilo 40 za misuli, mifupa na viungo vingine. Wataalamu wa lishe ya wanamichezo huchukua chakula ulichokula, wakatoa kilichotumika mazoezini, kisha wakagawa kinachobaki kwa kilo hizo. Mwanamke mwenye afya anahitaji kubakiwa na kalori kama 45 kwa kila kilo ili mwili uendeshe shughuli zake zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ikishuka chini ya 30, siku tano tu zinatosha kuvuruga homoni ya ubongo inayoamuru mayai yakomae. Siku tano. Wewe uko kwenye 7 au 8, na umefika mwezi wa tano au wa sita.

Mwili ukiona hali hiyo unabana matumizi, kama nyumba ambayo mshahara umekatwa. Hauwezi kuzima moyo, kwa hiyo unazima vile ambavyo mtu anaweza kuishi bila kuwa navyo. Uzazi ndio hutangulia. Nywele zinafuata, joto la mwili linapungua (nina hakika siku hizi unasikia baridi hata pale wenzako wanapojipepea), na mfumo wa chakula unakwenda polepole. Hedhi ikisimama kwa sababu hii maana yake estrojeni, homoni ya kike, imeshuka, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa. Mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku. Bila estrojeni ubomoaji unaendelea na ujenzi unazorota, na wewe juu yake unaupiga lami maelfu ya hatua kila alfajiri. Zaidi ya hapo, uko kwenye miaka ambayo mwili bado unaweka akiba ya mifupa, kwani akiba hiyo hufika kilele kabla ya miaka 30. Kinachopotea sasa si lazima kirudi chote, hata ukija kula vizuri baadaye.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina ambalo madaktari wa michezo wanalifupisha RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa mtu anayefanya mazoezi. Haihitaji uwe mwembamba wa kutisha. Kilo 51 kwa urefu wako ni uzito ambao kadi ya kliniki itauandika kuwa wa kawaida kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyekushtukia. Najua unapopita watu wanakusifu. Wanaume nao wanaipata: vijana wanaokata chakula ili misuli ya tumbo ionekane hushuka homoni ya kiume, wakapoteza hamu ya tendo la ndoa na nguvu za kunyanyua, na wengi hukaa kimya kwa aibu.

Mkimbiaji wa Marekani Mary Cain alikuwa binti mwenye kipaji cha ajabu, akiwakilisha nchi yake kwenye mashindano ya dunia akiwa na miaka 17. Novemba 2019 alijitokeza hadharani akaeleza jinsi alivyosukumwa apungue, apungue, apungue tena. Alikaa miaka mitatu bila hedhi na akavunjika mifupa mitano. Yeye alikuwa na makocha na wataalamu wamemzunguka. Wewe uko peke yako na simu yako.

Sasa nirudi kwenye lile ulilouliza: kwa nini mwili haujakaza.

Tunachokiita mwili uliokaza ni misuli iliyojaa vizuri chini ya ngozi, yenye mafuta kiasi juu yake. Hakuna kingine. Mkono unaonekana mgumu kwa sababu ndani yake kuna nyama ya kutosha. Wewe umepunguza kilo 12 kwa njaa na mbio, na katika hizo 12 sehemu nzuri ilikuwa misuli yenyewe. Mwili usiopata wanga wala chakula cha kutosha hutengeneza sukari ya damu kutokana na protini, na protini iliyo karibu ni misuli yako. Kwa hiyo kila jioni unaingia jimu kuuomba mwili ujenge, huku mchana kutwa umeulazimisha ubomoe. Mikono imelegea kwa sababu kilichokuwa kinaijaza kimeliwa. Ukiongeza mazoezi italegea zaidi, na ukipunguza chakula itakuwa hivyohivyo.

Mizani kugoma hakumaanishi kwamba bado unakula sana. Mwili uliobana matumizi unachoma kidogo kuliko zamani hata ukiwa umelala, na homoni za msongo, kortisoli ikiwemo, zinashikilia maji. Kortisoli hiyohiyo, pamoja na adrenalini, ndiyo inayokugutusha saa tisa usiku. Sukari ya damu imeshuka, mwili unapiga king'ora. Unalala macho juu ukidhani ni mawazo ya sendofu, kumbe ni njaa.

Tumbo la jioni nalo umelielewa vibaya. Tumbo lisilopewa chakula cha kutosha hupunguza mwendo: chakula kinakaa ndani muda mrefu, choo kinakuwa kigumu, gesi inajaa. Mpe mtu kama huyo bakuli kubwa la mboga za majani na tikiti, lazima atavimba. Kile unachokiona kwenye kioo saa mbili usiku ni gesi na maji, na hakuna zoezi la tumbo duniani linaloyeyusha gesi. Hata mafuta halisi ya kiunoni hayachaguliwi kwa zoezi. Unaweza kufanya sit-apu 300 kwa siku, misuli ya tumbo itapata nguvu, lakini mafuta hutoka mwili mzima kwa mpangilio uliourithi kwa mama na bibi zako.

Kuna jaribio moja la zamani ambalo huwa nawasimulia wote wanaofika kwangu na hali kama yako. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wenye afya njema, ili ijulikane jinsi ya kuwahudumia watu wa Ulaya waliokuwa wanatoka kwenye njaa ya vita. Kwa wiki 24 walipewa wastani wa kalori kama 1,570 kwa siku na wakatakiwa watembee kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yakashuka, wakasikia baridi wakati wa kiangazi, miguu ikavimba, nguvu zikaisha. Wakawa wakali, wakajitenga na marafiki, wakasoma vitabu vya mapishi hadi usiku na kuota chakula. Hawa walikuwa watu wenye akili timamu kabisa kabla ya hapo. Sasa tazama: wao walikula 1,570, wewe 900. Wao walitembea kilomita 35, wewe unakimbia 48 na jimu juu yake. Ni kweli walikuwa wanaume na miili yao mikubwa zaidi, lakini tofauti hiyo haitoshi kukuokoa.

Nayasema haya kwa sababu ya lile neno lako, hatia. Aliwahi kuja kwangu binti mmoja, akiwa kwenye foleni alitoa futi ya fundi cherehani kwenye mkoba akajipima kiuno, akairudisha, baada ya dakika chache akajipima tena. Alipoketi mbele yangu alikuwa anatetemeka kwa sababu chai ya mapokezi ilikuwa na sukari. Hakuwa mjinga wala mwenye majivuno. Njaa ya muda mrefu inabadilisha akili, na akili iliyobadilika inaendeleza njaa. Kama siku ya kupumzika inakutia hofu, kama unajificha unapokula, kama umewahi kujitapisha au kunywa zile chai za kupunguza tumbo ili uharishe, huo umeshakuwa ugonjwa na una matibabu. Mwambie daktari wazi, au anza kwa kumwambia dada au shangazi unayemwamini. Chai za kuharisha haziondoi mafuta hata gramu moja. Zinaondoa maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupoteza mwendo wake. Kukimbia ukiwa umejifunga nailoni tumboni ni jambo lilelile: unapoteza maji, ukinywa yanarudi.

Hospitalini omba vipimo hivi: mimba irudiwe, wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, homoni za tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa ya mama), na chumvi za damu kama potasiamu. Hedhi hukatika kwa sababu nyingi, na mimi siwezi kuziondoa kwa barua. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakiwa chini ya 50, au ukiona kizunguzungu ukisimama, au umewahi kuzimia, sema mapema wapime na umeme wa moyo. Na siku yoyote mkojo ukitoka na rangi ya chai ya mkandaa baada ya mazoezi makali, misuli ikiuma na kuvimba, ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa kuwa misuli inayovunjika inaweza kuziba figo.

Watu watakushauri umeze vidonge vya uzazi wa mpango ili hedhi irudi. Damu itatoka, ndiyo, lakini ni damu ya kidonge. Ubongo wako bado utakuwa umezima mitambo, mifupa haitapona kwa hiyo, na utakuwa umeifunika taa pekee iliyokuwa inawaka kukuonya. Hedhi halisi hurudi kwa chakula na mapumziko. Wengine miezi mitatu, wengine sita, wengine zaidi ya mwaka. Na yai hutoka kabla ya damu ya kwanza, kwa hiyo usidhani kwamba bila hedhi huwezi kupata mimba.

Chakula ukirudishe kwa hatua, ukiongeza kama kalori 300 kwa siku kila baada ya siku chache hadi ufike angalau 2,000. (Mtu ambaye hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku tano asirudi kula mwenyewe nyumbani, aende hospitali, maana kula kwa ghafla baada ya njaa kubwa kunaweza kuangusha madini ya damu na kuua.) Anza na asubuhi, kwa sababu ndipo shimo lako lilipo kubwa zaidi: kikombe kikubwa cha uji wa ulezi uliopikwa na maziwa na karanga za kusaga, na yai. Mchana rudisha ugali au wali, ndiyo, rudisha, pamoja na maharage, mchicha na dagaa. Dagaa wale na mifupa yake, hiyo ndiyo kalisi. Saa kumi jioni ndizi na mtindi. Usiku viazi vitamu au ndizi za kupika, samaki na kipande cha parachichi.

Protini ya kujenga misuli kwa uzito wako ni kama gramu 80 kwa siku. Mayai matatu yana 18, glasi mbili za maziwa au mtindi 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, samaki wa gramu 100 ana kama 20, na viganja viwili vya dagaa wakavu vinakupa zilizobaki. Huhitaji unga wa kopo wa bei ghali. Lakini bila wanga, protini hiyo yote itachomwa kama kuni, ndiyo maana ugali umetangulia. Wiki ya kwanza na ya pili mizani itapanda kilo moja au mbili. Ni maji na wanga vinavyorudi kwenye misuli, na chakula kilichomo tumboni. Ikikusumbua, mpe jirani mizani akuwekee.

Mazoezi tutayarudisha daktari akishasema mguu uko salama, na yatakuwa mengine. Siku tatu kwa wiki, dakika 45, na vitu vinne tu: kuchuchumaa na kuinuka, kuinua mzigo kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, kusukuma na kuvuta. Uzito uwe wa kukufanya ufike mara 8 hadi 12 huku mbili za mwisho zikiwa ngumu kweli. Usipoenda jimu, dumu la lita 10 lililojaa maji ni kilo 10, la lita 20 ni kilo 20. Baada ya zoezi la namna hii misuli huendelea kujijenga kwa siku moja hadi mbili, kwa hiyo siku ya kukaa ni sehemu ya kazi. Siku hizo tembea ukitaka, na rafiki, bila saa ya kuhesabu hatua. Mbio zitarudi mwishoni kabisa, kilomita mbili tatu, hedhi ikiwa imerudi. Ukifuata hivi, mikono utaanza kuiona tofauti ndani ya wiki nane hadi kumi na mbili.

Kuhusu Desemba: nenda kwa fundi wiki hii umwambie asikate gauni kwa vipimo vya sasa. Aache nafasi ya sentimita tatu nne kila upande ndani ya mshono, na mpime kwa mara ya mwisho wiki mbili kabla ya sherehe. Mafundi wazuri wanalifanya hilo kila siku na halionekani kwa nje. Mchumba wako naye umwambie unachopitia, maana mwezi mzima utakuwa unakula na kulala kuliko alivyokuzoea.

Ukishapata majibu ya damu na picha ya ugoko, niandikie tena. Niambie na mapigo ya asubuhi, na kama umelala hadi kupambazuka.